Alhamdulillahi ya Kwanza

Mwatum alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa umeshapoa. Aliupapasa mto, akaufunua mkeka wa kuswalia, akatoka mpaka ukumbini kutazama kama mkoba wa vyombo vya kazi bado upo. Haukuwepo. Hamdan kaondoka bila ya kumuaga.

Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu waoane. Hamdan ni fundi wa mafriji na viyoyozi, mtu wa kuitwa kila pembe, leo Tanga, mwezi ujao Mtwara, na kila safari ilikuwa na taratibu zake pale nyumbani kwao Micheweni. Atamwamsha mkewe kwa kumgusa bega. Atakunywa chai aliyochemshiwa. Ataomba radhi, atatanguliza mguu wa kulia mlangoni, na Mwatum atabaki barazani akimsomea dua mpaka mngurumo wa bodaboda upotee. Leo hata kikombe hakikutiwa maji.

Na sababu Mwatum aliijua. Usiku walikuwa wamegombana. Hamdan ana nyumba anaijenga Madungu, pale Chake Chake, imeshaezekwa, imebaki milango tu. Mwatum alitaka wahamie, Hamdan akawa anaruka huku na huku kama kuku aliyeona kisu. Sehemu ya ugomvi ilikuwa ya kunong'ona, kwa sababu chumba chao na cha mama mkwe vimetenganishwa na ukuta usiofika juu. Lakini Mwatum ana hasira zinazokuja upesi na kuondoka upesi zaidi, na la mwisho alilisema kwa sauti ya juu: "Basi ukirudi safari hii, ama Madungu, ama mie n'takwenda zangu kwetu Kojani!" Hamdan akageukia ukutani. Baadaye mtoto wao, Yumna, akapandisha homa, na Mwatum akakesha naye, anamkanda kwa kitambaa cha maji, mpaka usingizi ukamwiba alfajiri bila ya kutaka.

Asubuhi hiyo basi alikuwa jikoni, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na roho haipo. Mama mkwe wake, Bi Asya, alikuwa kwenye mkeka na ungo wa mchele, anachagua chuya. Huyu Bi Asya ni mjane aliyemlea Hamdan peke yake kwa kulima mwani na mihogo, na siku Mwatum alipoletwa nyumba ile kama bibi harusi, alimshika mkono akamwambia mbele ya watu, "Usiniite Bi Asya. Bi Asya ni wa majirani. Weye niite Mama." Mwatum alifiwa na mamake akiwa mdogo hata sura yake haikumbuki. Neno lile alilipokea kwa mikono miwili na tangu siku hiyo hakuliweka chini. Mama, chai. Mama, nikukande magoti. Mama, leo nipike nini. Watu wa mtaani walikuwa wakiwatania kwamba hawajulikani nani mkwe na nani mwana.

Mlangoni alisimama Bi Mwanawema, jirani, anayewasomesha Kurani watoto wa kike chuoni, aliyekuja kuazima kifumbu cha kuchujia tui. Ndipo simu ilipolia dirishani.

Mikono ya Mwatum ilikuwa imejaa nazi. Aliibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaiweka kwa sauti ya nje, na jiko zima likajaa upepo na honi na makelele ya watu.

"Mwatum! Wanisikia? Niko hapa Mkoani, boti yataka kuondoka. N'skize. Nimekuacha..."

Kisha kimya. Simu ikakata.

Lugha yetu hii mara nyengine ni bahili. Mtu huacha chungu jikoni, huacha mvuvi kiatu ufukweni, huacha mwanamme mke, yote kwa neno lile lile moja, na mwanamke yeyote wa kisiwa hiki akiambiwa neno hilo na mumewe halafu kukafuata kimya, hafikirii chungu wala kiatu. Mwatum hakufikiri kitu. Alihisi baridi imempanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno, na katika ubaridi ule, nyuma yake, akasikia mtu anavuta pumzi na kuishusha.

"Alhamdulillahi."

Ilikuwa ndogo, ya ndani kwa ndani, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mwatum aligeuka. Bi Mwanawema alikuwa ameduwaa na kifumbu mkononi, midomo imefumbwa. Bi Asya alikuwa ameinamia ungo wake, vidole vinatafuta chuya.

"Kasema nini?" Mwatum aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Jamani, Hamdan kasema nini?"

Akampigia mwenyewe. Namba haipatikani. Akapiga tena, akapiga tena, mpaka kioo cha simu kikawa cheupe kwa nazi. Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa akirudia maneno yake bila ya kuchoka. Mwatum akarudi kukaa juu ya mbuzi, akashika kifuu, akaendelea kukuna. Nyama ya nazi ilikuwa imekwisha zamani. Chuma kilikuwa kinakwaruza gamba tupu, kinapiga kelele ya kutia ganzi meno, na yeye anakuna tu, mpaka Bi Mwanawema alipokuja kumshika mikono.

"Basi, mwanangu. Basi."

"Mume akishanena kanena," Bi Asya alisema kutoka mkekani. "Sote watatu tumesikia kwa masikio yetu."

"Tumesikia neno limekatika, Bi Asya," alisema Bi Mwanawema. "Mwenye neno yuko hai, yuko baharini. Ngojeni afike Unguja, atasema mwenyewe alitaka kusema nini." Wanafunzi walikuwa wanamngojea, lakini aliondoka kwa shida, anageuka kila hatua. "N'takuja adhuhuri. Msifanye kitu."

Jirani alikuwa hata hajafika mbali. Bi Asya alijiinua mkekani. Mwanamke yule yule ambaye magoti yake hayamruhusu kuinama kuokota ufagio, ambaye Mwatum humkanda kwa mafuta ya karafuu kila jioni, aliingia chumbani kwa mwanawe, akapanda juu ya kigoda, akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Mwatum alisimama mlangoni anamtazama. Hakuamini macho yake. Bi Asya alilipangusa vumbi sanduku kwa upindo wa kanga yake, akalifungua, akaanza kukunja nguo za mkwewe moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya kazi aliyokuwa ameipanga.

"Mpigie kakako Msellem," alisema bila ya kumtazama. "Aje akuchukue Kojani mapema, kabla maji hayajatoka mashua ikakwama. Mtoto wa watu hakai nyumba aliyoachwa. Ni aibu kwako na kwetu, mwanangu."

Bado alikuwa akimwita mwanangu. Hilo ndilo lililomchanganya Mwatum kuliko yote. Alichukua simu, akampigia Msellem, akasema, "Kaka, njoo," na Msellem akauliza kuna nini, na Mwatum akashindwa kutamka, akakata. Akavaa baibui. Miguu ilikuwa yake lakini ilikuwa inakwenda kwa amri ya mtu mwengine. Alipoinama kitandani kumchukua Yumna, Bi Asya alimwekea mkono juu ya mkono.

"Huyu mwache."

"Nimwache?"

"Ana homa. Umtie kwenye mashua na upepo huu? Mwache kwa bibi yake, ni damu yetu. Utakuja kumtazama."

Mwatum alimtazama mtoto aliyelala mdomo wazi, nywele zimemganda kwa jasho, kisha akamtazama yule mwanamke aliyempa jina la Mama. Na ndipo ile pumzi ya jikoni ilipomrudia sikioni, wazi, kama imesemwa upya.

"Mama," alisema, "umesema Alhamdulillahi?"

"Lini?"

"Aliposema Hamdan. Umesema Alhamdulillahi."

Bi Asya aliikung'uta kanga hewani ili aikunje vizuri. "Mdomo wa Muislamu haukosi kumshukuru Mola wake, mwanangu. Kila saa."

Mwatum aliketi kitandani, akamvuta Yumna mapajani, akamkumbatia na baibui lake, na kila Bi Asya aliposema jambo alitikisa kichwa tu. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwogopa Hamdan kwa neno lake, na sasa alikuwa anamwogopa na huyu, na hakujua ni yupi wa kumlilia kwanza.

Bi Mwanawema alirudi adhuhuri kama alivyoahidi, kajifunika baibui la kwenda chuoni, akaingia mpaka chumbani bila ya hodi ya pili. Aliliona sanduku. Aliwaona wote wawili.

"Nani anahama?"

"Namhifadhia heshima yake," alisema Bi Asya.

"Bi Asya." Bi Mwanawema alisema polepole, kwa ile sauti anayowasomeshea watoto. "Tuseme ni talaka kweli. Tuseme. Hiyo ni ya mwanzo, na mke wa talaka ya mwanzo eda yake anakaa nyumbani kwa mumewe. Hatolewi wala hatoki. Weye wajua hilo. Weye ndiye uliyemkatalia dada yako asimtoe mkwewe, miaka ile, mbele yangu."

Bi Asya aliendelea kushika ile kanga, ameikunja nusu, nusu inaning'inia.

Simu ikalia.

Mwatum hakuweza kuishika. Ni Bi Mwanawema aliyeibonyeza na kuiweka juu ya godoro, kwa sauti ya nje, kila mtu asikie.

"Mwatum? Ndiyo kwanza nashuka hapa Unguja. Simu ilikata, mtandao wa pale bandarini mbovu wallahi. Yumna vipi?"

"Ulikuwa unasema nini?" Mwatum alisema. Alikuwa ameuma upindo wa mtandio. "Pale Mkoani. Hamdan, ulikuwa unasema nini?"

"Aa, nilikuwa nakwambia nimekuacha umelala. Sikutaka kukuamsha, umekesha na mtoto usiku kucha. Mbona unalia? Mwatum? Kwani weye ulidhani nini?"

Mwatum alilia kwa kicheko na akacheka kwa kilio, hata Yumna akafumbua macho. Bi Mwanawema naye alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"N'skize basi," Hamdan aliendelea, hajui lililokuwa likiendelea chumbani mwake. "Lile la jana nimelifikiri njia nzima. Una haki. Mie nilikuwa naona Mama hatoki Micheweni, na kumwacha peke yake siwezi. Lakini vile ulivyosema, kile chumba cha mbele chenye upepo kiwe chake, na choo tumjengee ndani asihangaike na magoti, nimeona haya. Mie ndiye mwanawe, halafu weye ndiye uliyemfikiria mwanzo. Ulivyosema bila ya Mama hata weye huhamii, nilikosa la kukujibu, nikageukia ukuta."

Yale ndiyo yaliyonong'onwa. Yaliyovuka ukuta usiofika juu yalikuwa ni Madungu na Kojani tu.

Mwatum aliinua macho. Uso wa Bi Asya ulikuwa umepigwa rangi ya majivu. Alitazama sanduku, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akaitazama simu pale godoroni kama inayoweza kumrukia.

"Alhamdulillahi!" alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. "Alhamdulillahi rabbil-alamin, mwanangu! Tulishikwa na hofu hapa, acha tu!"

Hiyo ilikuwa ya pili kwa siku ile. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza na ilitamkwa vizuri zaidi, herufi zote mahali pake. Ya kwanza ndiyo iliyotoka moyoni.

"Mama naye yuko hapo?" Hamdan alifurahi. "Basi vyema, kasikia mwenyewe. Sasa Mwatum, fundi seremala yuko Madungu, anangojea nimpe jibu. N'mwambie atie mlango chumba cha Mama?"

Mwatum angeweza kusema hapana, na Bi Mwanawema angekuwa shahidi wake. Angeweza kumweleza Hamdan neno kwa neno, sanduku, Kojani, na mkono uliowekwa juu ya mkono wake asimchukue mwanawe. Bi Asya alikuwa anamtazama, macho yamejaa maji, na kidevu kinamtetemeka kweli. Mwatum alimwonea huruma. Huruma ile ilimshangaza, kwa sababu alikuwa bado anasikia baridi, na alijua kuwa baridi ile haitatoka upesi kama hasira zake zinavyotoka.

"Mwambie atie," alisema. "Mlango mzuri, wa mninga. Chumba cha Bi Asya kiwe cha mwanzo."

Simu ilinyamaza kidogo. Safari hii mtandao ulikuwa mzima.

"Chumba cha nani?" Hamdan aliuliza.

"Cha Bi Asya," alisema Mwatum, akamlaza Yumna begani na kuanza kumpigapiga mgongo.

Bi Asya alikaa kitako sakafuni, karibu na sanduku, na ile kanga bado iko mkononi mwake.