Nguzo ya Nyandwi

Tangu mumewe Nyandwi, aliyekuwa akimchua goti na mgongo, aende Uganda kulima pamba, Koleta alijichua mwenyewe. Goti alilipaka dawa ya dukani, akalifunga kwa jani la mgomba lililopashwa moto, kama walivyozoea kwao Mugoma, mpaka ngozi ikababuka.

Bi Biubwa, mwenye duka, alipoliona alifoka. "Dawa hii ina moto wake. Ukishaipaka, usilifunge goti wala usilikande. Subiri ngozi ipone, upake kidogo tu, kisha unawe mikono."

"Na mgongo, Bibi?"

"Mgongo akuchue mtu wa nyumbani."

Koleta aliitikia kwa adabu. Jioni alipaka dawa kidogo kwenye nguzo ya nyumba aliyoisimika Nyandwi, akaiegemea, akajisugua mgongo taratibu. Kisha akanawa mikono, kama alivyoagizwa.