Chaja ya Kitwe

…na haiingii, nimeigeuza, nimeisukuma kwa kiganja, haiingii, chaja ya Kitwe ina meno matatu mapana na ukuta wa Simone hapa mtaani Hewa Bora una matundu mawili ya mviringo, umeme upo, taa inawaka mchana kweupe, friji inanguruma, au sijui kama inanguruma, naiona tu ikitetemeka, na mashine zangu za kusikia zinalia tena masikioni ti-ti, zinaniambia zinazimika, shemeji Donat ameenda mjini kunitafutia kiunganishi, na mimi niliyezaliwa Lubumbashi hii hii nimerudi kama mgeni, ndoa ya Zambia imenisahaulisha hata matundu ya ukuta wa kwetu… tulia, Adolphine… tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi nyumba yangu ya Kitwe ilikuwa inanila kwa ukimya, ndiyo maana nimekuja kwa mdogo wangu Simone, Chance yuko huko Goma na hapatikani, mwanangu wa pekee, dereva wa malori ya maharage, mkewe Dorcelle hapatikani, kule maji hakuna, umeme hakuna… na sasa simu ya Simone imewaka juu ya meza, ameirukia, "Allô? Allô! Sema na nguvu!" uso wake, Bwana wangu, uso wake, "Yaya, ni ku Goma!" yaya ndiyo mimi, dada yake mkubwa, halafu ananigeuzia mgongo, amesahau kwamba akigeuka siioni midomo yake, nampoteza, nadaka maneno vipande vipande, "…wapi?… balimupata?… Yaya, balimupata!" ti-ti, wamempata, asante Mungu, asante, asante, wamempata mwanangu, nimekaa, chaja bado mkononi, namwona akiwa mdogo anamega bukari, ugali wa moto, na kupuliza vidole, mama inachoma, pole pole baba, haikimbii… wamempata wapi, kanisani, barabarani, mbona Simone ameshika ukuta, huyu hulia arusini na hulia msibani, machozi yake hayana habari, namvuta kitenge, "Simone! Ni nani iko anasema ku telefone?" anageuka, namsoma midomo, Chance. Chance mwenyewe. Basi kama anayesema ni Chance… wamempata nani? Amepiga magoti mbele yangu, anasema taratibu, midomo yake karibu na uso wangu, "Ni Dorcelle, yaya. Chance iko na homa, hawezi kutembea. Njo Dorcelle akatoka, akaenda kutia telefone ku courant kwa bale benye kuwa na moteur, juu Chance akuite, juu ulale. Masasi ilimukuta mu njia. Chance iko anaita na telefone ya jirani," ti… tii… na mashine zimezimika, zote mbili, friji inatetemeka, midomo ya Simone inaendelea, mimi nimebaki kwenye neno masasi, risasi, Dorcelle, yule binti wa Butembo aliyeletwa kwangu kutambulishwa, wote mezani wananipigia kelele kama mbuzi aliyeingia shambani, yeye akahamisha kiti chake akaketi mbele yangu, akanitazama usoni, akasema kwa sauti yake ya kawaida, mama, umelalaje, na kila neno nikalisikia… nami nimesema asante, wamempata na nimesema asante, neno limeshatoka, litarudije, nilikuwa nagombana na ukuta na mtoto wa watu amefia njiani kwa ajili ya kuchaji simu kwenye jenereta ya watu, ili mwanangu anipigie, juu ulale, eti ili nilale, nani alimwambia nataka kulala, ningekesha mwaka mzima, ningekesha mpaka nife… Simone ananipa simu, namwonyesha masikio yangu, hakuna, kumekwisha, hataki kuelewa, ananifungua vidole na kuiweka kiganjani, naipeleka shavuni, hakuna sauti, hata pumzi, ila inatetemeka kidogo dhidi ya mfupa, inatulia, inatetemeka tena, ni yeye, analia au anaeleza, anasubiri au anauliza, sitajua, "Chance, baba, ni mama," nasema, na sauti yangu mwenyewe siisikii, "sema, mutoto wangu, sema yote, niko nakusikia."