Arthi ya Voi Inataka Maji

Watu wa Voi wanasema mume wangu alifaulu mtihani wa simu kwa bahati. Waache waseme. Mimi nilikuwepo, nimesimama nje ya dirisha la ofisi na chai yake mkononi, na nilisikia kila neno.

Ulikuwa Oktoba wa mwaka wa hamsini na sita, mvua za vuli bado, na Gibson alikuwa amebeba ngazi miaka kumi na moja. Tembo wakiangusha nguzo za simu kule Maktau, yeye ndiye aliyezisimamisha. Lakini ufundi mkuu wa njia ya Voi mpaka Taveta hakupewa, kwa sababu mtihani ulitaka ujue maneno ishirini ya kazi, yote ya Kiingereza, na ueleze maana ya kila moja. Alikuwa ameanguka mara mbili. Akianguka mara ya tatu hajaribu tena, na fundi mkuu analetwa kutoka Mombasa.

Gibson hakuwahi kukaa darasani. Mimi nilisoma misheni kule Mghange, kwa hiyo kitabu cha kazi nilikisoma mimi. Kila alasiri nilichambua maharagwe huku nikimsomea: sakiti, insuleta, betri, rile. Niliweza kuyatamka bila kujua ni nini. Yeye aliyajua kwa mikono bila kuweza kuyatamka. Nikimweleza kitabu kinavyosema kuhusu insuleta, anacheka.

"Kumbe ni kile kikombe cheupe cha juu ya nguzo, kinachozuia umeme usiteremke chini. Nimevibadilisha mamia, Mama Mable."

Tulisoma hivyo miezi minane. Sijawahi kuona mwanafunzi mkaidi kama yule, na sijawahi kumpenda kama miezi ile.

Sasa, arthi. Simu ya Taveta ilikuwa na waya mmoja tu. Umeme ulikwenda kwa waya na kurudi kwa udongo, kupitia bamba la shaba lililozikwa nyuma ya ofisi. Bamba hilo ndilo arthi. Udongo wa Voi ukikauka sana, umeme haurudi vizuri na sauti inafifia. Gibson aliligundua hilo mwenyewe, akachomeka kipande cha bomba kufika kwenye bamba, na mimi kila asubuhi nilimimina humo nusu debe la maji. Miaka minne. Hakuna aliyejua ila Alwi, karani wa simu.

Wiki ya mtihani, mfereji wa mtaa ukaanza kutoa debe moja tu kwa kila nyumba. Nikaamua maji ni ya kupika na ya kufua kaki za Gibson, nizitie wanga, asimame mbele ya inspekta mzungu wa mtihani akiwa nadhifu. Maji ya kufulia nikamwagia mchicha wangu. Sikumwambia.

Inspekta alianza saa tatu asubuhi. Gibson akajibu vizuri, sauti yake haitetemeki, mpaka neno la tisa, rile, ile swichi inayowashwa na umeme wenyewe, likamtoroka. Aliruhusiwa kukosa moja tu. La mwisho likawa arthi.

"Ni bamba la shaba ndani ya udongo," Gibson akasema. "Umeme unarudia hapo. Na lazima linyweshwe maji kila siku."

Inspekta akacheka. "Nyweshwa? Hii hapana ng'ombe. Kitabu nasema bamba nazikwa, kazi kwisha." Akatia alama ya kosa. Chai ilinimwagikia vidoleni na sikuisikia.

Kabla hajafunika kalamu, Alwi akatokea mlangoni. "Samahani, Bwana Inspekta. Taveta simpati kabisa. Tangu juzi alikuwa akinong'ona, sasa hata huo mnong'ono haupo."

Wakapima betri, zikawa nzima. Inspekta akasema waya umekatika, Gibson achukue ngazi aende. Gibson hakuchukua ngazi. Alikwenda nyuma ya ofisi, nasi tukamfuata, akachukua udongo wa pale kwenye bomba, ukamwagika kati ya vidole vyake kama unga. Kisha akanitazama.

Ningeweza kunyamaza. Yeye asingesema.

"Ni mimi," nikawaambia wote. "Siku nne sijamwaga maji. Baba Mable hana kosa."

Nikaenda nyumbani nikaleta debe lote kichwani, hata maji ya kupikia chakula cha jioni. Aibu nilikuwa nayo, lakini sikutaka ionekane shingoni, kwa hiyo nilitembea wima. Nikamimina mpaka tone la mwisho, tukangoja. Inspekta alitazama saa yake mara mbili. Ndipo tukamsikia Alwi ndani, "Naam, Taveta. Naam, nakusikia."

Inspekta akafungua tena karatasi ya mtihani. "Kitabu hii," akasema mwishowe, "naandikwa pahali mvua iko mingi." Akafuta ile alama ya kosa, akaandika Gibson amefaulu. Nikajivuna mpaka kifua kikauma.

Gibson hakushangilia. "Maneno haya amenisomesha huyu," akasema. "Tena miaka minne anainywesha simu hii na hajaisikia hata siku moja. Mpe, Alwi."

Alwi akanipisha kiti chake. "Haya, Mama Mable, sema naye. Kila anayejaribu laini huandikwa daftarini."

Sauti ya mwanamume ikaja karibu kabisa, kutoka Taveta, safari ya kutwa nzima. "Voi, nakupata vizuri sana. Niandike nani?"

Mtaani mimi ni Mama Mable. Ofisini ni mke wa fundi. Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Andika Peris Wakio," nikasema.