Bolti Mbili za Kaka Mtu

Pikipiki ile iliuzwa kwa bei ya kutupa, na mimi kitu cha bei ya kutupa huwa nauliza kwanza kimetupwa kwa nini. Mume wangu hakuuliza. Alimkuta mjane wa mpima ardhi anasafisha stoo, akaona usukani unachungulia nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, na hapo hapo akili zikamruka. Alirudi nyumbani akitabasamu peke yake, nikajua tumekwisha.

"Ni ya safari ndefu," aliniambia. "Ina kioo cha kukinga upepo, ina masanduku mawili ya pembeni na moja la nyuma. Huko nyuma utakaa kama uko sebuleni."

"Sebule yangu haina magurudumu," nikamjibu.

Kesho yake ililetwa gereji ikiwa imelazwa kwenye gari la mchanga. Nilipoiona nilirudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa ya buluu, pana kifuani, na taa moja kubwa ya duara. Ilikuwa aina ile ile aliyokuwa nayo baba mkwe siku aliyokufa.

Niseme mambo yalivyokuwa ili tuelewane. Gereji aliiacha baba mkwe kwa wanawe wawili, mume wangu na kaka yake, ambaye mimi namwita shemeji. Mzee alikufa kwenye ule mteremko mrefu wa kutokea mjini, gurudumu la mbele lilipomchomoka akiwa kwenye mwendo. Siku moja kabla, wanawe walikuwa wamembadilishia mpira wa gurudumu hilo hilo. Nati ya ekseli haikupatikana hata ilipotafutwa kwenye majani. Msibani kila mmoja akamwambia mwenzake mbele za watu kwamba wewe ndiye wa mwisho kuishika. Tangu siku ile hawakusemezana tena hata neno la salamu. Mwaka ukapita, ikapita na mingine mingi, na wao bado wanafanya kazi kwenye uwanja mmoja, kwa sababu hakuna aliyekubali kuondoka wala kumwachia mwenzake.

Mimi nashona viti vya magari. Cherehani yangu iko katikati ya uwanja, chini ya bati, na kwa bahati mbaya hiyo nikawa simu yao ya upepo. "Mwambie mwenzako spana ya kumi na saba airudishe." Mwenzake yuko hatua mbili, kalala chini ya gari, masikio anayo. "Mwambie sinayo." Nami nasema, anasema hana, kwa mtu aliyekwisha kusikia. Wateja walikuwa wakidhani ni utani wa ndugu, wanacheka.

Kitu kimoja tu kiliwabaki pamoja, nacho ni sheria za baba yao. Mzee aliwalea kwa sheria mbili za kazi. Ya kwanza, aliyefungua ndiye anayefunga. Ya pili, bolti aliyoifunga ndugu yako usiitie spana. Ukiirudia kuikaza umemwita ndugu yako mwongo mbele ya mteja. Hizo walizishika hata walipoacha kushikana mikono. Nimewahi kumwona shemeji kasimama mbele ya injini aliyoifunga mume wangu, vidole vinamwasha, mwisho akaitia mikono yake mfukoni akaenda zake.

Basi shemeji aliizunguka ile pikipiki ya buluu mara moja, akaja kwangu. "Shemeji, mwambie mwenzako hicho kitu akirudishe kilikotoka."

"Mwambie nimesikia," akasema mume wangu, akiwa ameshaanza kufungua sanduku la pembeni. Ndani mlikuwa na kiota cha panya.

Nilimkalia kooni nyumbani. Nilimuuliza anataka nini na chuma kinachofanana na jeneza la baba yake. Alikula chakula chake taratibu, akanawa, ndipo akasema, "Nataka niishuke ile barabara nifike chini. Baba hakufika. Kila nikipita pale ndani ya gari nafumba macho, mke wangu, na mimi ni fundi, siwezi kuishi nimefumba macho." Nikaogopa. Nisingeogopa kama angesema anataka kujionyesha kwa rafiki zake, maana hayo huisha. Hili halikuwa la kuisha.

Kuifufua kulikuwa kazi. Tangi lilikuwa na kutu ndani mpaka likitikiswa linalia. Alilijaza siki na nati kuukuu, akalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Waya zilikuwa zimegugunwa na panya, akazipitisha upya moja moja. Mafuta ya breki yaligeuka lami. Mimi nilivua kiti, nikakuta sponji imekuwa unga, nikakata sponji mpya na kukivika ngozi nyeusi yenye mshono mara mbili. Kusema kweli kilitoka kizuri, na hilo lilinikera, kwa kuwa sikutaka kuipenda.

Kilichomshinda mume wangu ni kabureta. Zilikuwa nne, zimeganda, na kila alipozirudisha injini ilikohoa ikafa. Alizisukuma pembeni akaenda kazi nyingine kwa hasira. Asubuhi moja tukazikuta zimekaa mahali pake, safi, zimefungwa. Mume wangu akawasha. Injini ikashika, ikanguruma sauti nzito iliyotulia, na upande wa pili wa uwanja shemeji akawa ameinama kwenye kazi yake kama mtu asiyehusika na chochote duniani.

"Mwambie..." mume wangu akaanza, kisha akaacha.

Toka hapo ikawa mtindo. Mume wangu anaacha kitu kimemshinda, anakikuta kimetengenezwa. Hakukuwa na asante wala karibu. Na yeye hakugusa hata skrubu moja iliyopitiwa na mkono wa kaka yake. Wengine wangefurahi. Mimi sikutulia. Sauti ile ya injini ilikuwa ya mzee kabisa. Siku ya kwanza kuisikia, mama muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alitoka mbio kibandani kwake, akaangalia barabarani, akarudi ndani bila kusema.

Ndipo nikagoma. Walikuwa wamenituma mara sita kabla ya chai, kisa pampu ya grisi. Niliinuka kwenye cherehani nikawaambia wote wawili, kwa sauti ya kuwatosha na majirani, kwamba kuanzia leo sibebi neno la mtu. "Midomo mnayo. Mkitaka kusema semeni, mkitaka kufa na maneno yenu kifuani kufeni nayo." Shemeji akatazama chini. Mume wangu akajifanya anatafuta kitambaa.

Gereji ikawa kimya siku zile, kimya cha kuudhi. Hata spana zilikuwa zikiwekwa chini polepole.

Jumamosi mume wangu alifungua kalipa ya breki ya mbele, ule mkono wa chuma unaoibana diski, akaisafisha, akaiacha inaning'inia kwenye paipu yake ya mafuta, akaenda mjini kutafuta mafuta mapya ya breki. Mimi nilikwenda kununua uzi. Mvua ikatunasa sote huko huko. Niliporudi nilimkuta mume wangu amefika kabla yangu, amechutama mbele ya pikipiki. Ilikuwa imesogezwa chini ya bati, kavu kabisa, na kalipa imerudi mahali pake, bolti zake mbili zimeingia. Shemeji alikuwa ameshakwenda kwake.

Mume wangu alinyoosha kidole akaigusa bolti ya juu, akakirudisha upesi.

"Amenifungia breki," akaniambia. "Breki, mke wangu. Ya mbele."

Nilielewa anachosema. Mtu akikufungia breki ya mbele baada ya yale yaliyotokea, amekwisha kukusamehe. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilisimama pale na mfuko wangu wa uzi nikajifuta macho kwa kanga. Akatia mafuta, akatoa hewa kwenye paipu, akaminya mkono wa breki ukawa mgumu kama inavyotakiwa. Akazunguka nayo mtaa mmoja, akasimama vizuri mbele yangu. Spana hakuichukua. Angeichukuaje.

Jumapili alfajiri ilipokwisha kupambazuka alivaa koti lake nene. Nilikuwa niende naye, kile kiti nilikishona kwa ajili hiyo, lakini nilikuwa na viti vya mteja nilivyoleta nyumbani kumalizia. "Nashuka, nafika chini, nakunywa soda, napanda," alisema. "Mchana niko hapa. Na jioni nakwenda kwa kaka. Nitaongea naye mwenyewe." Alipopita mbele ya gereji, niliambiwa baadaye, yule mama muuza mkaa alifunga dirisha lake.

Haukupita muda nikasikia mtu anabisha getini. Shemeji hakuwahi kufika nyumbani kwetu tangu msiba. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, amenyoa, amesimama kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji," alisema, "yuko wapi mdogo wangu?"

Maneno hayo mawili, mdogo wangu, sikuwa nimeyasikia kinywani mwake kwa miaka yote hiyo. Nikatabasamu kama mjinga. "Ameshuka barabara ya mteremko na pikipiki yake. Karibu ndani, unywe chai, atarudi."

Hakuingia. "Alikaza zile bolti za breki?"

"Zipi?"

"Jana mvua ilikuja kalipa inaning'inia. Sikuweza kuisukuma pikipiki vile, nikazishikiza bolti kwa vidole tu, nikaisogeza ndani. Alifungua yeye, nikajua atafunga yeye. Usiku moyo ukakataa kutulia. Namba yake niliifuta kwenye simu. Nikataka kukupigia wewe, nikakumbuka umechoka na sisi. Nikasema asubuhi nakwenda kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu." Akanitazama usoni. "Alizikaza, shemeji?"

Nilikuwa nakiona kile kidole kinagusa bolti na kurudi.

Tuliingia kwenye pikapu yake mimi nikiwa na ndala na tepu ya kupimia shingoni. Nilipiga simu njia nzima. Iliita, ikaita. Kwenye pikipiki mtu hasikii, nilijiambia, kofia ngumu inaziba masikio. Shemeji aliendesha kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Mwanzoni nilidhani anaomba dua. Kumbe alikuwa anajizoeza. "Mdogo wangu, simama. Mdogo wangu, usiteremke." Alikuwa akijaribu namna ya kuyasema, na nilimwonea huruma mpaka nikamchukia.

Juu pale barabara inapoanza kuteremka, hatukuona kitu. Kona ya kwanza, hatukuona kitu. Kona ya pili kulikuwa na bolti moja katikati ya lami, inang'aa. Shemeji aliikanyaga kwa gurudumu, hakusimama.

Tulimkuta karibu na chini kabisa. Nyumba za bondeni zilikuwa zinaonekana, hata kibanda cha soda. Pikipiki ililala upande, kalipa imezungukia ndani ya gurudumu na kukata spoki. Mume wangu alikuwa amekaa ameegemea ukingo wa mfereji, uso wa majivu, mguu mmoja umelala upande usio wake. Dereva wa lori alikuwa amemfunga paja kwa mkanda na alikuwa anaongea na watu wa gari la wagonjwa kwenye simu. Yu hai. Nilipiga magoti nikamshika kichwa, nikamtukana, nikambusu, sijui kipi kilitangulia.

Hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama kaka yake.

"Ulifunga wewe," alisema.

"Nilishikiza tu." Shemeji alikuwa amechutama mbali kidogo, mikono yake imening'inia. "Ulifungua wewe. Nilijua utakaza."

"Nilikuta imefungwa. Nikasema kaka kafunga. Sikutaka kukudharau."

Dereva wa lori aliwaangalia akidhani wanagombana. Hawakugombana. Waliongea taratibu, kama mafundi wawili wanaotafuta tatizo kwenye gari la mtu.

Mume wangu alifumba macho kwa maumivu, akayafumbua. "Ile pikipiki ya baba. Gurudumu nililifungua mimi."

"Ndiyo."

"Nikaenda kutafuta mpira wa ndani. Niliporudi likawa limeshavishwa mpira, limerudi mahali pake, na nati yake juu."

Shemeji aliokota kokoto, akaigeuza kiganjani. Mimi nikaomba moyoni asijibu. Niliomba kweli kweli, mkono wangu ukiwa kwenye shavu la mume wangu.

"Mpira niliupata kwenye rafu," alisema. "Nikauvisha, nikarudisha gurudumu, nikaishikiza nati kwa vidole. Ulifungua wewe."

"Na mimi nikakuta imefungwa."

Shemeji alikaa chini kabisa, kwenye changarawe, na shati lake la pasi. Mume wangu alianza kutetemeka, nikamfunika kwa kanga yangu, na haukuwa mguu uliokuwa unamtetemesha. Miaka yote ile nilikuwa naomba siku moja watu hawa wazungumze. Nilitamani nirudi kwenye cherehani yangu, nikae katikati yao, nimsikie mmoja wao akisema mwambie mwenzako.