Taa ya Njia ya Pili

Diski zetu za kuhifadhia data kule Oulu, Ufini, zinafikiwa kwa nyaya mbili, ili mmoja ukikatika, kazi iendelee kwa mwingine. Waya wa pili ulikuwa mkorofi. Kila Jumamosi ulikatika, na king'ora kikamtoa fundi wetu Raimo kwenye sauna, bafu lake la mvuke, na taulo kiunoni. Tangu majani yaanze kupukutika, kimya. Taa ya kijani tu. Mimi kimya cha namna hiyo sikiamini hata kidogo.

"Raimo, ule waya ulikuwa na nini?"

"Nimeshatengeneza, Sirkka. Kunywa kahawa yako."

"Ulitengeneza nini hasa?"

"Wewe dada, hata jua likichomoza utauliza nani kaliwasha!"

Nilimkokota hadi chumba cha mitambo, nikapitisha mkono nyuma ya kabati. Waya wa pili ulikuwa unaning'inia, ncha yake imevishwa kifuniko cha plastiki. Taa yake, kijani.

"Mshenzi wewe! Umetengeneza taa iwake kijani daima, njia umeiacha imekufa!"

"Si ya kwanza ipo?" alinung'unika, masikio yamemwiva kwa aibu.

Tukaitazama taa ya kwanza. Nayo ilikuwa ya kijani. Lakini kule ofisini, simu zote zilikuwa zimeanza kulia: watu hawazipati diski.