Kula Sala Zako

Jikoni kwa Mama Hostia hapakuwa na saa, na mwenyewe alijivunia hilo kuliko wengine wanavyojivunia magorofa. Mikate ya altare, yaani hostia, ya parokia nzima, na ya parokia za jirani, ilitoka kwenye vyuma vyake viwili vya kuokea, na vyuma vile vilipimwa kwa sala. Unamimina upawa mmoja wa unga wa ngano uliokorogwa na maji mpaka ukawa kama uji mwepesi, unafunika, unabana mkono wa chuma, kisha unasema Baba Yetu moja, Salamu Maria tatu na Atukuzwe. Ukifika Amina ya mwisho unafungua. Mkate unakuwa umelala pale, mweupe, mwembamba kama karatasi, hauna doa. Ukiwahi kufungua unararuka. Ukichelewa unakuwa wa kahawia, na mkate wa kahawia paroko haupokei.

Siri ilikuwa kwenye mwendo. Mama Hostia alisali kama mtu anayefukuza kuku. Maneno yalimtoka yamekanyagana, na malaika yeyote aliyetumwa kuyapokea angelazimika kumwomba arudie. Lakini vyuma vilishazoea mwendo huo tangu enzi za ujana wake, na waumini walipenda kusema kwamba mikate ya mama yule ina utamu wa peke yake kwa sababu imesaliwa. Ni kweli ilisaliwa. Imesaliwaje, hakuna aliyeuliza.

Alikuwa na wasaidizi wawili. Wa kwanza ni binti yake wa mwisho, msichana mwenye ulimi wa upanga. Kazi yake ilikuwa kuilaza mikate chini ya kitambaa kibichi ipate unyevu, maana mikavu inavunjika, na kesho yake kuikata duara moja moja kwa kibati. Wa pili ni mkaza mwana, mjane wa mtoto wa kiume wa Mama Hostia. Marehemu alikuwa fundi umeme. Alipanda nguzo mwenyewe asubuhi, wenzake wakamshusha. Hakuacha mtoto, na mjane hakuwa na mzazi wa kurudi kwake. Wiki ile ile ya mazishi mama mkwe alimwambia chumba cha nyuma ni chake maadamu anashika chuma. Hapa anakula anayeshika chuma. Alisema hivyo mbele za watu, na watu wakamsifu kwa huruma.

Miaka miwili mjane alishika chuma kama maiti aliyekopeshwa mikono. Alisali mwendo wa nyumba, hakuunguza hata mmoja, hakuinua macho. Mama Hostia alimpenda hivyo. Wageni wakija aliwaonyesha mlango wa jikoni na kusema, mnamwona, mpaka leo hajapoa. Huzuni ya mkaza mwana ilikuwa ushahidi wake kwamba mwanawe hajasahauliwa, na aliitunza kuliko mwenye nayo alivyoitunza.

Kisha yakaja mafungo ya Kwaresima. Paroko alimwalika padre mmoja mzee, mwenye kikohozi, ambaye watu walitarajia awahubirie mpaka wasinzie. Hakuhubiri. Aliwaambia wachukue sala moja wanayoijua, waiseme kama wanazungumza na mtu aliyekaa mbele yao, na wakishasema wasubiri kidogo, huenda akajibu. Akakohoa, akakaa. Waumini wengi walidhani kikohozi ndicho kilichomkatisha.

Mjane alirudi nyumbani akajaribu akiwa anasugua sufuria. Alisema, "Baba yetu," akasubiri. Hakuna kilichotokea, ila kwamba kwa mara ya kwanza tangu azike mume hakuwa peke yake kwenye karo la vyombo. Akasema tena. Mikono ikiwa kwenye povu mpaka kwenye viwiko, alicheka. Ilikuwa furaha, na sioni sababu ya kuitafutia jina jingine. Kesho yake aliikuta tena kwenye ufagio, halafu sokoni akichagua vitunguu, halafu kwenye kamba ya nguo. Shingo ikanyooka. Akaanza kula akashiba.

Mama mkwe alimwona siku anaanika mashuka.

"Unacheka na nani?"

"Sicheki na mtu, mama. Nasali."

"Kusali gani kwa meno nje?" akauliza mama mkwe. "Mwanangu yuko chini ya udongo. Meno yako yako juu ya kamba yangu."

Mjane alifunga mdomo, lakini macho hayana kifuniko.

Mikate ikaanza kuungua. Kwanza mmoja mmoja, kingo tu zikiwa na rangi ya chai. Wakalaumu gesi, wakabadilisha mtungi. Wakalaumu unga, Mama Hostia akaenda kumfokea muuza unga, ambaye mpaka leo hajui alikosa nini. Chuma cha mama kilitoa mikate myeupe na cha mkaza mwana kilitoa ya kahawia, kwa mtungi ule ule na unga ule ule. Yule binti, wifi yake, akaona pa kuchezea. "Wifi," alisema, "sala zako siku hizi zinanukia mpaka barabarani."

Ndipo mama mkwe akaenda kusimama nyuma yake, akasikiliza. Akasikia Salamu Maria ikisemwa jinsi mtu anavyomsalimia mgeni aliyemngoja mlangoni. Kisha kimya. Kisha neno jingine, taratibu, kana kwamba kila moja lina uzito wa kubebwa kwa mikono miwili. Ya kwanza haijafika katikati, chuma kimeshaanza kufuka.

"Nani kakutuma usali hivyo?"

"Hakuna, mama. Nasali tu."

"Hapa hatusali," alisema mama mkwe. "Hapa tunaoka."

Mjane hakuwa mjinga. Aliona tatizo, akaleta dawa yake: basi kwenye chuma asisali, ahesabu tu moja mpaka sitini, sala azipeleke kwenye karo na kwenye ufagio ambako hakuna kinachoungua. Mama Hostia alishika kiuno. Mikate ya Bwana ihesabiwe kama matofali? Watu wakisikia waseme nini, kwamba nyumba hii imeacha sala? Kwa hiyo kusali vizuri kulikuwa hasara na kutosali kulikuwa dhambi. Lililobaki ni kusali vibaya, na hilo ndilo aliloamriwa: kwa sauti, kwa mwendo wa nyumba, mama mkwe akiwa amesimama palepale anasikia.

Jioni ile, walipokaa mezani, wawili walipakuliwa chakula. Mbele ya mjane mama mkwe aliweka sahani ya mikate iliyoungua, imepangwa vizuri, kama anavyopangiwa mgeni wa heshima.

"Kula sala zako," alisema.

Wifi alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Mjane alitazama sahani. Akafanya ishara ya msalaba, akasema sala ya chakula taratibu, neno kwa neno, akamshukuru Mungu kwa kile kilichokuwa mezani kama vile kilikuwa chakula. Akala mikate yote, michungu, mikavu, akanywa maji. Kama angelia, mama mkwe angelala salama. Hakulia, na kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko kuunguza.

Siku chache baadaye Mama Hostia alimpelekea paroko mashtaka. Paroko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye Pasaka mlangoni na makopo ya hostia matupu. Alisema si mnunue saa, mama wa watu akakunja uso, naye akaiacha saa hapohapo. Akamwita mjane sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya misa, akamsikiliza huku akikunja stola ya shingoni. Mjane alimweleza kila kitu, akidhani atafurahi, maana ni yeye aliyemleta yule padre wa kikohozi. Paroko alisema ni jambo jema, jema sana. Kisha akasema, "Lakini utii nao ni sala, mwanangu." Akaangalia makopo.

Akatii. Asubuhi mpaka jioni alikimbiza Salamu Maria kwa sauti, mama mkwe akigonga meza kwa upawa kila akilegea. Mikate ikatoka myeupe. Na hapa ndipo ukatili wenyewe ulipokuwa, kwa sababu ile sahani ilikuwa mchezo tu. Maneno yale aliyojifunza kuyasema kwa mtu, sasa aliyasema kwa upawa, mara mia kwa siku, na jioni alipoyarudia kwenye karo aliyakuta maganda. Alisema Baba yetu, akasubiri, akasikia upawa. Alijaribu kwenye ufagio, akajaribu kwenye kamba. Aliogopa, jinsi mtu anavyoogopa akiamka na kuona sura ya marehemu wake haimjii. Macho yakarudi chini. Chakula kikamshinda. Mama mkwe akampakulia vipande vinono kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia binti yake, unaona, wifi yako amerudi kuwa mtu.

Jumatano ya Juma Kuu kazi ilikuwa kubwa, madebe ya unga yamejaa ukutani, vyuma vyote viwili vinafuka. Mjane alikuwa amechoka hata sauti imekauka. Alikuwa kwenye Salamu ya pili, anakimbia, mara kwenye "umejaa neema" kitu kikamshika. Hakukiita. Kilikuja chenyewe, kama mtu wa nyumbani anayeingia bila kubisha hodi. Akanyamaza. Mkono ukabaki juu ya chuma, machozi yakamtiririka huku uso wote ukicheka, upawa ukagonga meza, ukagonga tena, hakuusikia. Moshi ukapanda mpaka dari.

Mama Hostia alizima moto wa chuma kile. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na begi, nguo zimesukumiwa ndani bila kukunjwa, akaliweka nje ya mlango. Binti yake alijaribu kusema Pasaka ipite kwanza. Aliambiwa kama anamhurumia begi la pili lipo.

Mjane alifunga zipu ya begi. Hakubishana, kwani sheria ya nyumba aliijua. Ila alisimama getini akasema, "Nitakuombea, mama."

"Niombee haraka," alisema mama mkwe. "Nataka kufunga geti."

Akafunga.

Pasaka ilipita, hostia zikatosha, kwa sababu Mama Hostia alifanya kazi ya watu wawili na hakulala. Paroko alimshukuru mbele ya altare kwa jina lake la Mama Hostia na watu wakapiga makofi. Nani aliyekuwa ameshika chuma cha pili, hakuuliza.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja binti alirudi kutoka mjini akasema amemwona wifi. Amepata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, anaishi kwenye chumba kimoja na wafuaji wenzake wawili, mikono imechubuka na sabuni. Mama Hostia alikuwa anakoroga unga. Hakuinua kichwa.

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Anaomba kurudi?"

"Hapana, mama," alisema binti. Kwa mara ya kwanza ulimi ule ulitafuta neno lisilokata, haukulipata. "Yuko kwenye beseni anasugua. Anacheka peke yake."

Binti akaenda chumba cha pili kukata mikate. Mama Hostia akamimina, akafunika, akabana. Baba Yetu ilipita. Salamu ya kwanza ikapita. Ya pili ilikuwa inakimbia kama zilivyokimbia zote maishani mwake, mpaka ikafika kwenye "mzao wa tumbo lako", na hapo ikasimama. Alikuwa amelisema neno lile mara zisizo na idadi juu ya chuma kile na hakuwahi kulisikia. Mzao wa tumbo. Alimwona mtoto wake wa kiume, si kwenye jeneza, bali akiwa na miaka mitano, amesimama kwenye mlango huu huu, mdomo umejaa makombo ya mikate, anaapa kwamba hajala. Na mbele yake, upande wa pili wa chuma, palikuwa na yule anayesalimiwa na sala ile, mwanamke mwingine aliyezika mwana, anasubiri aendelee. Mama Hostia alifungua mdomo. Kilichomjia kooni kilikuwa kikubwa, na alijua kabisa kwamba akikiruhusu kitatoka chote.

"Mama," binti aliita kutoka chumba cha pili, "mbona kama kuna kitu kinaungua?"

"Ni mabaki ya jana kwenye chuma," alijibu. "Kata mikate."

Alifungua. Mkate ulikuwa mweusi kuanzia katikati. Aliubandua kwa kisu, akausikiliza mlango, akauvunja, akautia mdomoni. Ulikuwa mchungu kuliko alivyodhani siku ile alipoipanga iliyoungua kwenye sahani ya mwenzake. Akautafuna wote, akiwa amesimama, akameza bila maji. Akafuta chuma kwa kitambaa. Akamimina upawa mwingine, akafunika, akabana, na sala zikatoka mbio, zimekanyagana, hakuna neno lililopata nafasi ya kugeuka kumtazama.

Akafungua. Ukatoka mweupe.