Vidonge vya Njano na Msumeno

Msibani kila mtu alimtaja marehemu kwa dawa aliyompa. Huyu aliponywa vipele, yule macho yaliyokuwa yakimwasha mpaka anakosa usingizi. Mdogo wa marehemu, fundi seremala, aliwasikiliza. Yeye alikuwa akikumbuka asubuhi moja karakanani kwake.

Vumbi la mbao halikuelewana naye. Akiwasha msumeno wa umeme tu, pua inachuruzika kama bomba bovu, chafya zinafuatana mpaka penseli inamdondoka sikioni. Marehemu dada yake, aliyeuza dawa mtaa wa pili, alimpa vidonge vyeupe vya kumeza kabla ya kazi.

"Mwili wako mwoga," alimweleza. "Ukiona vumbi unadhani ni adui, unamwaga kitu kinaitwa histamini. Ichukulie kama ufunguo. Ikiingia kwenye vitasa vya pua na macho, maji yanatoka, kuwasha kunaanza. Dawa hii inakaa kwenye tundu la kitasa. Ufunguo ukija, unakuta pameshazibwa."

"Na nikimeza chafya zikishaanza?"

"Itasaidia, ila kwa kuchelewa. Mlango uliokwisha kufunguka haufungwi kwa kuziba tundu. Na siku mtu akivimba ulimi au pumzi ikimbana, usimlete kwangu kununua vidonge. Mkimbize hospitali, huko kuna sindano yake."

"Dada, ungesoma kidogo tu ungekuwa fundi vitasa."

"Nawe ungesoma kidogo tu usingenisumbua."

Asubuhi ile vidonge vyeupe vilikuwa vimekwisha, na mteja angekuja mchana kuchukua mlango wake. Fundi akafungua droo ya mkewe, akakuta vile vya njano ambavyo mkewe humeza usiku ngozi ikimwasha. Akajiambia dawa ya aleji ni dawa ya aleji. Akameza viwili, maana yeye ni pande la mtu, akaenda kazini.

Pua ilinyamaza kweli. Akawa anapiga mluzi. Baadaye mluzi ukakatika, naye hakujua umekatika saa ngapi.

Mkewe alipoona vidonge vimepungua, alimpigia wifi yake. Muuza dawa hakungoja amalize. Alifunga duka, akaja na koti lake jeupe, akapita katikati ya mbao mpaka ukutani, akachomoa waya wa msumeno.

"Dada, unanikatia kazi."

"Hebu tazama ubao wako."

Fundi akatazama. Mstari wa penseli ulikuwa umenyooka. Njia ya msumeno ilikuwa imeuacha, imepinda kuelekea pale kidole gumba chake kilipokandamiza.

"Vile vya njano ni vya zamani," dada yake alisema polepole. "Vinapanda mpaka kwenye ubongo na kuulaza. Ni dawa nzuri kwa mtu anayekwenda kitandani. Vyeupe havipandi sana huko. Ndiyo maana kabla ya kukupa nilikuuliza unafanya kazi gani, ingawa naijua tangu ulipopigilia misumari kiti cha mama."

"Na mteja?"

"Lala."

Akalala juu ya rundo la maranda. Usingizini alisikia sauti ya mteja ikipanda, na ya dada yake ikibaki palepale: "Kesho, kaka. Leo mlango wako umelala na fundi wake."

Alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Muuza dawa alishika msasa, akilainisha fremu taratibu, akifuata nyuzi za mbao. Nyusi zimejaa vumbi. Akapiga chafya kubwa, akajifuta kwa mkono wa koti, akaendelea.

"Kumbe na wewe, dada?"

"Tumetoka tumbo moja. Ulitaka pua niitoe wapi?"

Fundi akachukua kipande kingine cha msasa, akaanzia upande wa pili wa fremu. Waya aliuacha sakafuni mpaka kesho yake.